Sare ya Nchi Isiyokuwepo Huanzia kwenye Pipa la Rangi

Wengi wanaobuni majeshi ya kufikirika ya enzi za Napoleon, mtawala wa Ufaransa, huanza na penseli za rangi. Wanachagua koti la zambarau, kola ya dhahabu na shungi jeupe juu ya kofia, kisha wanatafuta jina la nchi ya kuyabeba hayo yote. Kinachotoka kinapendeza kwenye karatasi, lakini hakikai akilini. Unamtazama yule askari wa miguu na huoni ni nani aliyewahi kumlipia nguo. Mimi nashikilia njia nyingine. Kabla hujachora kitu, jiulize nchi hiyo inapata wapi rangi, sufu yake inafumwa na nani, jirani gani anaitisha, na hazina ya mtawala ina kiasi gani. Ukiyajibu hayo kwa uaminifu, nusu ya sare inajichora yenyewe.

Nchi yangu inaitwa Ehrenwerra. Nimeiweka kando ya mto Werra, chini ya msitu wa Thuringia, katikati ya Ujerumani, na nimeianzisha mwaka 1807. Mto upo, msitu upo, majirani wote wapo. Nchi yenyewe tu ndiyo haikuwahi kuwepo. Eneo lile linafaa kwa sababu wakati huo lilikuwa limekatwa vipande vipande: Weimar, Gotha, Meiningen, Hildburghausen na Coburg, zote za matawi ya ukoo mmoja wa Saxony, halafu Schwarzburg mbili, halafu watawala wa Reuss, ukoo ambao kila mtoto wa kiume huitwa Heinrich na kutofautishwa na wenzake kwa namba. Ukipachika hapo utawala mdogo mmoja zaidi, ramani haishtuki.

Huwa naulizwa kwa nini mtu wa Dar es Salaam ahangaike na vifungo vya Wajerumani wa miaka mia mbili iliyopita. Nahangaika navyo kwa sababu navipenda, na kwa sababu sijaona kipindi kingine ambacho siasa, biashara na vita vimeandikwa waziwazi namna hiyo kwenye nguo ya mtu wa kawaida. Koti la askari wa 1807 linasomeka. Linakwambia bandari zipi zimefungwa, mfalme gani amemwoza binti yake kwa nani, na mwaka jana walishindwa wapi.

Tuanze na hazina. Tarehe 14 Oktoba 1806 Napoleon aliipiga Prussia, ufalme wa Kijerumani wa kaskazini, huko Jena, na siku hiyohiyo jemadari wake Davout akaipiga upande wa pili, Auerstedt. Vita vyote viwili vilipiganwa Thuringia. Mji wa Weimar uliporwa. Majeshi yale yaliishi kwa kula nchi waliyopita, kwa hiyo mtawala yeyote wa eneo lile aliingia mwaka 1807 akiwa na maghala matupu na raia waliokamuliwa. Wakati huohuo alitakiwa atoe askari. Shirikisho la Rhine, muungano wa watawala wa Kijerumani ulioundwa kwa mkataba wa tarehe 12 Julai 1806 chini ya ulinzi wa Napoleon, lilikuwa na hesabu zake kwenye maandishi: Ufaransa itoe watu 200,000, Bavaria 30,000, Württemberg 12,000, Baden 8,000, Berg 5,000, Hesse-Darmstadt 4,000, na Nassau pamoja na watawala wadogo waliobaki 4,000. Wale ndugu wa Saxony wa Thuringia walipoingia Desemba mwaka huohuo walipangiwa 2,800 kwa pamoja.

Ehrenwerra nimeipangia 840. Namba hiyo nimeitoa kwenye mpangilio wa Wafaransa wenyewe. Kwa amri ya Februari 1808 batalioni ya Kifaransa ilikuwa na kombania sita zenye watu 140 kila moja: nne za fuselia, ambao ndio askari wa kawaida, moja ya grenadia, watu warefu wenye uzoefu, na moja ya voltija, watu wafupi wepesi wa kutangulia mbele na kudungua. Sita mara 140 ni 840, batalioni moja kamili. Mtawala wangu hana uwezo wa kulisha ya pili, na Paris haitakubali pungufu ya hapo. Mtu hujikuna ajipatapo.

Sasa rangi. Hapa ndipo ninapoweza kukaa usiku kucha.

Bluu ya majeshi ya Ulaya ilitoka kwenye nili, rangi itokanayo na mmea, na nili nzuri ilikuja kwa meli: kutoka Bengal, na kutoka visiwa vya Caribbean. Ufaransa ilipata nyingi kutoka Saint-Domingue, mpaka watumwa wa kisiwa kile walipowashinda mabwana zao na kutangaza Haiti huru tarehe 1 Januari 1804. Bengal ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Bahari ilikuwa yao pia. Tarehe 21 Novemba 1806, akiwa Berlin, Napoleon alipiga marufuku biashara yote na Uingereza, akidhani anawabana wao. Jeshi lake mwenyewe, lililovaa bluu kuanzia begani hadi kwenye mikia ya koti, lilikuwa limeshaanza kuhisi ukosefu wa nili. Mwaka huo wa 1806 iliamriwa askari wa miguu warudi kwenye makoti meupe, kila rejimenti itambulike kwa rangi ya kola, kifua na mikono. Baadhi ya rejimenti zilishonewa kweli na zikaenda nayo vitani. Nyeupe ilishika tope, ilishika moshi, na damu ilionekana juu yake toka mbali. Mwaka uliofuata mpango ukaachwa, bluu ikarudi, na nili ikazidi kutafutwa kwa kila njia.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ulitokea kwenye bara letu. Jeshi la Napoleon Bonaparte lilishuka Misri Julai 1798 likiwa na makoti mazito ya sufu, katikati ya joto. Tarehe 1 Agosti Nelson, amiri wa Waingereza, akaziteketeza meli zake kwenye ghuba ya Abukir, na tangu hapo hakuna jora la kitambaa lililotegemewa kutoka Ufaransa. Wakashonewa nguo nyepesi za pamba, bluu. Bonaparte alipoondoka Agosti 1799 na kumwachia Kléber jeshi, yule jenerali aliona askari wake wamebaki na matambara. Akaamuru washonewe makoti ya sufu kwa kitambaa kilichopatikana palepale, cha rangi yoyote iliyokuwepo. Hivyo jeshi la jamhuri, lililojivunia bluu yake, likatembea ukingoni mwa Nile likiwa na vikosi vyekundu, vya kijani, vya kahawia, vya damu ya mzee na vya bluu ya mbingu. Hakuna msanii aliyekaa akabuni yale. Maghala na masoko ya Misri ndiyo yaliyobuni. Kila ninapoona sare ya kufikirika iliyopangwa vizuri mno, huwakumbuka wale watu wa Kléber.

Sehemu nyingine ni hivyohivyo. Waaustria walivaa nyeupe kwa sababu sufu isiyotiwa rangi ni rahisi, na doa likiingia unalifunika kwa kusugua chokaa. Waingereza walivaa nyekundu, lakini ile ya askari wa kawaida ilitokana na mizizi ya mmea wa garansi, ikawa na umatofali ndani yake, na ikipigwa na jua na mvua inazidi kufifia. Ofisa alijinunulia wekundu mkali wa kochinili, wadudu wakavu waliotoka Mexico. Ukimweka luteni karibu na kuruta wake, wote wako kwenye rangi moja kwa sheria na rangi mbili kwa macho. Wareno walipounda vikosi vyao vyepesi mwaka 1808 waliwavalisha kahawia, rangi ya sufu ya nyumbani kwao, na kwenye milima ile mikavu kahawia hiyo ikawaficha vizuri kuliko kitu chochote kilichotoka viwandani.

Na Thuringia je? Thuringia ilikuwa na bluu yake tangu zama za kati. Ni mmea wa maua ya manjano ambao Wajerumani huuita Waid, mimi nitauita vaidi. Erfurt, Gotha, Arnstadt, Langensalza na Tennstedt ilitajirika kwa mmea huo kabla nili ya India haijaja kuua soko lake. Majani yalipondwa, yakafinyangwa madonge, yakaachwa yachache, mara nyingi kwa msaada wa mkojo. Kwenye pipa, kitambaa kinazama na kutoka kikiwa kijani cha manjano, mtu asiyejua anaweza kudhani kazi imeharibika. Kisha hewa inakigusa, na kikiwa bado kinadondosha maji mikononi mwa mtiaji rangi kinageuka bluu mbele ya macho yake. Kilichomo kwenye vaidi ndicho kilichomo kwenye nili, isipokuwa ni kidogo sana. Ukitaka bluu nzito ya usiku unapaswa kuzamisha tena na tena, na kila mzamo ni gharama. Mwaka 1811 serikali ya Napoleon ilifikia kuamuru vaidi ipandwe kwa wingi, kwa kukosa nili.

Basi koti la Ehrenwerra haliwezi kuwa la bluu nzito. Ni bluu nyepesi yenye ukijivu, mizamo michache, inayopauka mabegani na mgongoni pale mkoba unaposugua. Maofisa wana nili ya magendo, na makoti yao yamekolea. Koti la kuruta mpya limekolea kidogo kuliko la askari wa miaka mitatu. Yeyote aliyesoma shule zetu anaijua hali hiyo kutokana na kaptula za bluu za darasani: huhitaji kuuliza nani kaanza mwaka huu na nani anarithi ya kaka yake.

Kola, kifua na mikono vina rangi ya manjano, kwa sababu mmea wa kutia rangi ya manjano huota huko na kitambaa kinachohitajika ni kidogo. Juu ya hili nilipata somo kubwa kwa mzee mmoja fundi cherehani wa mtaani kwetu, niliyempelekea mchoro wa koti la 1806 ili nimuulize mikia ile ya nyuma inakunjwaje. Aliuvuta karibu, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye kifua kile cha rangi tofauti.

"Hii ni bitana imegeuzwa nje," akasema.

"Wanasema ilianza hivyo, mzee."

"Hawasemi, ndivyo ilivyo. Angalia mkono, angalia mkia. Kila palipokunjwa ni rangi ileile. Koti limefunguliwa, likapigwa kifungo, ndiyo unaona tumbo lake. Na kola kijana wangu, kola ndiyo inakufa kwanza, kwa jasho. Ukiiweka ya kitambaa kingine unaibadilisha, koti linaendelea."

Alikuwa sahihi kabisa. Zile rangi za utambulisho zilianza karne moja nyuma kama bitana, pale askari walipokunja mikono na kufungua kifua cha makoti mapana. Baadaye koti likabana, bitana ikabaki kipande cha kushonewa juu, na majeshi yakajenga juu yake mfumo mzima wa kusomana. Prussia ilipojijenga upya baada ya kushindwa kule, rangi ya kola ilitaja mkoa: nyekundu ya tofali kwa Prussia Mashariki, damu ya mzee kwa Prussia Magharibi, nyeupe kwa Pomerania, nyekundu kali kwa Brandenburg, manjano kwa Silesia. Rejimenti za mkoa mmoja zikatofautiana kwa kipande cha begani: nyeupe, nyekundu, manjano, bluu ya mbingu. Ukijua mambo hayo mawili, unamtambua mtu na kwao. Gadi za Uingereza nazo zilikwenda kwenye vifungo: Grenadier Guards kimojakimoja kwa nafasi sawa, Coldstream viwiliviwili, na ile rejimenti ya tatu ya Waskoti vitatuvitatu. Mtu anayelijua hilo haangalii kofia kwanza.

Vifungo vya Ehrenwerra ni vitupu, vya bati lililochanganywa na risasi. Bati linachimbwa jirani, kwenye milima ya madini ya Saxony. Namba sikuweka, na hili nalisisitiza kwa kila anayebuni nchi ndogo. Wafaransa waliweka namba ya rejimenti kwenye vifungo kwa sababu walikuwa na rejimenti nyingi. Nchi yenye batalioni moja inaandika namba ya nini? Bamba la mbele ya shako, lenye pembe nne lililosimamishwa kwa ncha, lina herufi E tu.

Shako yenyewe ni kofia ndefu ya sufu iliyoshindiliwa, yenye ngozi juu na ukingo wa ngozi mbele ya macho. Ufaransa iliwapa askari wake wa miguu mwaka 1806 badala ya kofia pana zenye pembe mbili, na karibu kila mshirika akafuata. Bavaria ilibaki na helmeti yake ya ngozi yenye ukingo mnene wa manyoya juu, na ikaing'ang'ania mpaka mwaka 1886. Poland ilikuwa na chapka yenye kitako cha pembe nne. Mtawala wangu angependa helmeti, yeye ni mtu wa mambo ya zamani, ila helmeti ni ghali. Askari wake wamepata shako bila kamba za kusukwa na bila vishada. Wapiga ngoma, ambao hakuna aliyewakumbuka kwenye bajeti, wamevaa kofia zile za pembe mbili zilizokuwa ghalani, na zimewakaa vizuri kuliko shako za wenzao. Ghala la zamani halitupi kitu. Sare yoyote ya kufikirika ambayo vitu vyake vyote vimetengenezwa mwaka mmoja, siiamini.

Juu ya shako kuna pamba ndogo ya mviringo ya rangi ya kombania, na hapa sikubuni chochote, nimechukua za Wafaransa kama zilivyo, kwa kuwa mkaguzi wa Kifaransa angezidai: kijani iliyokolea kwa fuselia wa kwanza, bluu ya mbingu kwa wa pili, rangi ya mapambazuko kwa wa tatu, urujuani kwa wa nne. Grenadia wana nyekundu na epoleti nyekundu zenye nyuzi begani. Voltija wana manjano na kijani. Jambo hilo dogo lina kazi kubwa sana. Bunduki za gumegume zikianza kulia, baada ya mipigo michache uwanja unajaa moshi mzito mweupe wa baruti. Uso wa mtu huuoni. Rangi juu ya kichwa inabaki inaelea, na koplo anajua watu wake wako wapi.

Mikanda ni ya ngozi nyeusi. Ile mieupe ya msalaba kifuani, inayopendwa kwenye michoro yote, ilidai chokaa na saa nzima ya kusugua, na chokaa kikinyeshewa kinatiririka mpaka kwenye suruali. Fuselia wa Prussia walivaa mikanda myeusi, na Nassau ilikuwa na ya manjano ya ngozi. Nimechukua nyeusi kwa sababu kwenye msitu wa Thuringia mvua haikosi.

Hapa nataka kusimama kidogo kwa ajili ya watoto wanne. Juni 1826 mchungaji wa Haworth, Yorkshire, alirudi kutoka Leeds na askari kumi na wawili wa mbao kwa ajili ya mwanawe Branwell. Dada zake Charlotte, Emily na Anne wakachukua kila mmoja wake. Charlotte akamwita wa kwake Duke wa Wellington, jemadari wa Waingereza, Branwell akachagua Bonaparte. Kutokana na wale askari wa mbao watoto wa Brontë walijenga nchi nzima ya kufikirika, yenye miji, magazeti na vita, na wakaendelea kuiandika kwa miaka. Waliiweka Afrika Magharibi, kwenye pwani ya Guinea, jirani na Waashanti. Hawakuwahi kufika. Kwao pwani ile ilikuwa karatasi nyeupe ya kuchorea, na wenyeji wake walikuwa maadui wa kushindwa. Walikuwa watoto wenye vipaji vya ajabu, nami nawaheshimu, lakini jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu palikuwa na watu pale, na mavazi yao, na majeshi yao, na sababu zao. Mimi ninayebuni nchi yangu katikati ya Ulaya nimejiapia kwamba kila jirani nitakayemgusa atakuwa yule aliyekuwepo, na kila shamba la vaidi litakuwa mahali linapoota. Naijua nchi ya watu kabla ya kuikalia kwa kalamu.

Na kuijua kunakulipa. Ona kinachonipata mwaka 1813.

Bavaria, kusini mwa Ehrenwerra, ilivaa bluu nyepesi, kama ya ua linaloota kwenye mashamba ya ngano ya Ulaya. Koti langu la vaidi liko karibu na hilo. Kuanzia 1807 hapana shida, wote ni washirika wa Napoleon. Lakini tarehe 8 Oktoba 1813, kwa mkataba wa Ried, Bavaria ikahamia upande wa pili. Siku chache baadaye, tarehe 16 hadi 19, Napoleon akashindwa Leipzig, akaanza kurudi nyuma kuelekea Rhine, na tarehe 30 Wabavaria wakamzuia njia huko Hanau. Sasa mweke mtu wa Ehrenwerra kwenye ule msafara, akiwa bado upande wa Mfaransa, na koti la bluu nyepesi, kwenye msitu uliojaa moshi. Mfaransa aliye hatua 60 nyuma yake anaona nini? Rangi niliyoichagua kwa ajili ya gharama mwaka 1807 inakuja kumuua mtu mwaka 1813. Sikulipanga hilo. Limekuja lenyewe kutokana na mmea na mkataba, na ndiyo maana nasema sare ianzie huko.

Mambo haya yalitokea kweli kwa watu wa kweli. Nassau ilikuwa na makoti ya kijani na kola nyeusi, yenye mkato wa Kifaransa, kwa kuwa ilipigana Hispania chini ya Wafaransa mpaka Desemba 1813, pale rejimenti yake ya pili ilipovuka kwenda kwa Waingereza karibu na Bayonne. Juni 1815 huko Waterloo watu wa Nassau walikuwa upande wa Wellington, wakishikilia nyumba za Papelotte na Smohain. Jioni Waprussia walifika kusaidia, wakaona shako na mkato ule, wakawafyatulia. Watu walikufa kwa risasi za marafiki kwa sababu ya fundi aliyekata koti miaka kadhaa kabla.

Washirika walilijua tatizo hilo. Walipoivamia Ufaransa mwanzoni mwa 1814, Warusi wa kijani, Waprussia wa bluu, Waaustria wa nyeupe na Wajerumani wa kila rangi, walikubaliana jambo moja: kila mtu afunge kitambaa cheupe kwenye mkono wa kushoto. Baada ya miaka ishirini ya wafalme kushindana kwa rangi na mapambo, kilichowaokoa askari wao ni kipande cha shati.

Watu wa Ehrenwerra pale Hanau nimewavalisha makoti makubwa ya safari, ya kijivu na kahawia, juu ya kila kitu. Nina uhakika ndivyo ingekuwa, maana ndivyo ilivyokuwa kwa Wafaransa wenyewe: vitani ungeona zaidi koti kubwa, suruali pana yenye viraka, na shako iliyofunikwa kwa turubai yake, kuliko ile nguo ya gwaride. Huko Hispania askari walishona suruali kwa kitambaa cha kahawia cha majoho ya watawa. Yule mtu wa kwenye michoro, mwenye mikanda meupe na vifungo vinavyong'aa, alionekana Jumapili mbele ya mtawala na siku chache nyingine.

Sanamu zangu za askari ni za milimita 28, huletwa na jamaa wanaosafiri, na rangi natumia akriliki ya kawaida ya dukani. Koti nalianzia kwenye kijivu, kisha bluu iliyotiwa tone la kijani, kwa sababu vaidi haiachi kabisa ule ujani wake. Kila kikundi kidogo nakichanganyia upya ili wasilingane. Mabegani napitisha brashi karibu kavu yenye rangi iliyopauka. Viwiko vinapata viraka, na kiraka changu daima ni cha bluu nzito kidogo kuliko koti, kwa sababu kitambaa cha kiraka kimekaa ghalani hakijaonja jua. Vifungo nagusa kwa ncha ya kijiti cha meno. Kola ya manjano naipaka mwisho, na kwa wale wa zamani naipaka safi kuliko koti lenyewe, kama alivyonifundisha mzee fundi: imebadilishwa.

Sasa hivi niko kwenye 1814. Ehrenwerra imebadili upande, kama wengine wote. Bamba lenye E limebaki, ua la utepe la Kifaransa limeng'olewa kwenye shako, na pale lilipokuwa pameachwa duara la sufu nyeusi isiyofifia. Pamba za kombania zimebaki, kwa kuwa hakuna pesa ya nyingine. Kwa batalioni ya pili, ya raia walioitwa kwa haraka, vaidi imekwisha, hivyo nimewapa sufu ya kijivu isiyotiwa rangi, mkato wa Kiprussia uliofungwa kifuani, kofia laini badala ya shako, na kola ya manjano. Kola hiyo tu ndiyo wanayoshirikiana na wenzao wa batalioni ya kwanza. Kitambaa cheupe cha mkono wa kushoto nawapakia wote, na hakuna viwili vilivyofungwa sawa.